Muuza hadithi aliyekosea kumchagulia mjukuu wake

Saa tatu asubuhi, theluji ikiwa imefika magotini mbele ya duka, Zoya Gavrilovna anapanga vitabu vitatu juu ya kaunta. Anavitazama. Kimoja anakirudisha rafuni. Dakika haijapita, anakwenda kukichukua tena.

Kwa miaka thelathini na minne amewauzia watu wa mji wa Kineshma, Urusi, vitabu vya watoto, hasa hadithi za kale za Kirusi, na hajawahi kusumbuka namna hii. Jana Ulyana, mke wa mwanawe, alipiga simu kusema atapita kuchukua kitabu cha Tasya, anayetimiza miaka mitano Jumamosi. Ni mwaka na miezi miwili tangu Zoya amtie machoni mjukuu wake huyo.

Kengele ya mlango inalia. Anaingia mzee aliyeshika kofia ya manyoya mkononi.

"Mama, nipe kile chenye bata bukini kwenye jalada. Nilikuwa nacho utotoni. Mjukuu wangu ana miaka mitatu."

"Yule bata mwishoni alipatwa na nini, baba?"

"Nitakumbuka wapi! Nadhani aliruka zake."

"Kaa hapo. Nisomee ukurasa wa mwisho, kwa sauti."

Ndiyo sheria ya kaunta hii. Mzee anavaa miwani, anasoma, sauti inapungua, kisha anakoma kabisa.

"Wamempika?"

"Na viazi."

"Na mimi nilisomewa haya?"

"Ukalala fofofo."

"Ndiyo maana mke wangu anasema sijakamilika," mzee anasema, na anaondoka na kitabu cha sungura anayejenga nyumba.

Zoya anacheka kidogo tu. "Wote kosa lao ni moja," anasema. Watu wa huku hawamchagulii mtoto hadithi, wanautafuta utoto wao wenyewe. Wanataka jalada lilelile na picha zilezile. Wanakumbuka mapaja ya bibi na chai yenye jamu, ila kilichosomwa kimewatoka.

Sheria hiyo aliitunga akiwa amekwisha kuchelewa.

Mama mzazi wa Tasya alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Baadaye baba yake, Yegor, fundi umeme, alimwoa Ulyana, mwoka mikate. Zoya, ambaye mshahara wake ni ruble elfu thelathini na moja kwa mwezi, hakuwa na zawadi kubwa ya kumpa mjukuu. Alikuwa na kitabu alichoachiwa na mama yake. Jumapili moja alimpakata Tasya akamsomea chote, akiigiza sauti zote.

Ndani yake mama wa kambo anamfunga binti skafu nyekundu, anampeleka ng'ambo ya mto ulioganda na kumwacha huko.

"Nilikuwa nimekumbuka skafu tu," Zoya anasema. "Ilichorwa vizuri mno."

Kesho yake Ulyana alimfunga Tasya skafu ampeleke chekechea. Mtoto alipiga mayowe hadi majirani wakatoka. Aliuliza, "Unanipeleka mtoni?" Aliuliza hivyo kila asubuhi kwa wiki nyingi, na mto wanauona dirishani.

Yegor hakugomba. Alisema tu, "Mama, pumzika kidogo kuja kwetu." Hicho kidogo kikapita mwaka.

"Nimewachagulia watoto wa mji mzima," Zoya anasema, akifuta kaunta ambayo haina vumbi. "Wangu nikamtia hofu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Kitabu kile kiko rafu ya juu kabisa, nyuma yake. Hakiuzi, wala hakukichoma. Anasema mtoto wa miaka kumi angekifurahia, na kosa si la kitabu. Tangu siku hiyo amesoma kila hadithi iliyomo dukani akimtafuta mama wa kambo mwema. "Hayupo," anasema. "Nimetafuta mpaka nimechoka."

Saa tano na nusu Ulyana anaingia, unga kwenye mikono ya koti, mkate wa moto kwapani.

"Habari za asubuhi, Zoya Gavrilovna."

"Nzuri, mwanangu. Vua koti, chai ipo."

Ulyana havui. "Yegor hajui kama nimekuja."

"Mtoto bado anaogopa?"

"Skafu anavaa. Ila anajifunga mwenyewe. Mimi hataki nimguse."

Zoya anainamisha kichwa. Kisha anasukuma mbele kitabu chembamba kuliko vyote vitatu. Ni hadithi ya nungunungu anayebisha hodi kila mlango akitafuta pa kulala wakati wa baridi. Hamna mama wa kambo humo, wala mto, wala anayeliwa.

"Nisomee ukurasa wa mwisho."

"Mimi? Sijui kuigiza sauti za wanyama."

"Soma kama unavyowauzia watu mikate."

Ulyana anasoma akiwa amesimama, haraka haraka. "'Ingia,' dubu akasema. 'Nilikuwa nimekuachia nafa...'" Hamalizi neno. Anaugeukia ukuta.

Zoya anampa kalamu. Kitabu cha zawadi hakitolewi huku bila maandishi ya mtoaji ukurasa wa kwanza.

"Si wewe bibi yake? Andika wewe," Ulyana anasema.

"Hapana. Uandike wewe, na usome wewe. Mimi nilitaka sifa ya bibi mwenye sauti tamu. Anayeamka naye kila siku ni wewe."

Ulyana anaandika jina la mtoto. Kalamu inasimama. "Na mimi nijiandike nani? Mama siwezi."

"Andika Ulyana. Hilo lingine mwachie yeye."

Anaandika. Anaacha mkate juu ya kaunta. Mlangoni anageuka. "Njoo Jumamosi. Yegor nitaongea naye mimi."

Zoya anakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ataoka pai ya kabichi, anasema, na atafika mapema. Kusoma hatasoma.

"Nitakaa jikoni, niache mlango wazi," anasema. "Nataka tu kusikia kama mtoto atamwacha Ulyana afike ukurasa wa mwisho."