Gambuti za Ponsian Hazikuwa za Utani

Mtu asiniambie habari za utani. Utani naujua, nimezaliwa ndani yake na nimeolewa ndani yake. Ila kuna vitu havitaniwi, jamani, na kimojawapo ni gambuti za mume wangu Ponsian. Nitasema, na atakayenuna anune.

Ponsian ni Mpimbwe wa hapa hapa. Analima mpunga kama kila mtu, lakini mvua zikikata na mto Kavuu ukirudi nyuma, alikuwa anaingia kwenye madimbwi kutega migono ya kambale. Zamani aliingia peku kama wenzake, mpaka siku kambale alipomchoma mwiba kwenye unyayo wa kulia. Huyu anasema weka majivu, yule anasema weka tumbaku, kidonda kikaoza. Alilazwa Mpanda mpaka nikazoea njia ya kutoka Nsemulwa kwa dada yangu kwenda wodini. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia wazi: mguu huu umepona juu juu tu, huko chini damu haipiti vizuri. Ukipata kidonda kingine kwenye maji ya tope, tutaukata.

Sasa mwambie Mpimbwe aache kambale! Akaniambia, "Fausta, sitaacha, ila nitavaa gambuti." Toka hapo gambuti ndiyo ikawa mguu wenyewe.

Watu walimcheka, nyie. Kwenye mnada wa Majimoto alikuwa anaenda kununua alasiri, baada ya kutembea sana, kwa sababu anasema asubuhi mguu ni mdogo na jioni umevimba, na ukinunua ya asubuhi utalia nayo. Anaenda na soksi zake nene mfukoni. Anaikunja gambuti pale kwenye kifundo aone kama mpira una nyufa. Anaubana mdomo wa gambuti kwa mikono, anaiminya na kuiweka sikioni asikie kama inatoa pumzi. Anaivaa, anachuchumaa, anasimama, anapitisha kidole nyuma ya kisigino. Ikiwa kubwa, tope linaivua na kubaki nayo. Ikibana, damu ile kidogo iliyobaki nayo haipiti. Muuzaji mmoja alichoka akamuuliza, "Mzee, unanunua gambuti au unaoa?" Ponsian akamjibu, "Mke nilimwona mara moja nikamchukua. Hii lazima niichunguze." Mimi nipo pembeni, nasikia! Nilinuna mpaka nyumbani.

Na kuzitunza je? Akitoka dimbwini anaziosha kwa maji safi nje na ndani, anaingiza majani makavu ya mpunga yanyonye unyevu, kisha anayatoa na kuzitundika kichwa chini, kivulini, chini ya upenu. Jua hapana, moto ndiyo kabisa. Asubuhi anazikung'uta, asije akakuta nge kalala humo, halafu anaziminya tena asikie pumzi. Kila siku aendayo majini, bila kukosa. Hata mimi mkewe sikuruhusiwa kuzivaa kwenda chooni wakati wa mvua.

Sasa ndiyo anakuja huyu Doto.

Doto ni mtoto wa shangazi yake Ponsian, yule aliyeolewa na Msukuma. Ni binamu, kwa hiyo ni mtani. Na kwetu mtani hanuniwi. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu, anachukua kuku mbele ya macho yako, na wewe unacheka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Doto huyo basi akaja siku moja, akaona gambuti zinaning'inia, akazitungua na kuzivaa pale pale bila soksi. "Binamu, leo hizi zangu!" Ponsian anacheka tu, heheee, kama mtoto.

Nikamwambia, "Shemeji, vua. Hizo ni dawa za mwenzio."

"Dawa? Basi na mimi naumwa!" Akapanda baiskeli, huyoo.

Akakaa nazo wiki nzima akilowana nazo mashambani mwake. Na zikilowa alikuwa anazianika wapi? Kwenye mafiga! Karibu na moto, jamani, mpira! Halafu siku ya kuzirudisha akazipaka mafuta ya kula ili zing'ae. Akaja nazo jioni zinameremeta, akasema, "Binamu, nimekutunzia kuliko wewe mwenyewe." Akala ugali wetu, akalala kwetu.

Asubuhi walitoka wote kwenda kwenye migono. Ponsian akazikung'uta, akashika moja mkononi. Nikamwona anasita. Doto kasimama pale pale, anasubiri. Kuiminya gambuti mbele ya mtani aliyeirudisha ni kumwambia, wewe mwizi, umeniharibia kitu changu. Hilo halifanyiki. Mtu aliyekuwa anaichunguza gambuti kuliko alivyonichunguza mimi, siku hiyo akaivaa kimya kimya kwa kuona haya. Haya! Kumwonea haya Doto!

Ya kulia ilikuwa imepasuka pale inapokunjika, ufa umefunikwa na mafuta. Maji yalimwingia dimbwini katikati. Aliniambia baadaye kwamba aliyasikia, yalikuwa ya vuguvugu, lakini migono ilikuwa imejaa na Doto alikuwa anaimba, akaona aibu kutoka. Mpira uliopasuka ukamchubua pale pale, na tope likaingia kwenye mchubuko. Jumapili hakwenda kanisani. Mguu ukawaka, ukavimba, ukaanza kutoa harufu ile ile niliyokuwa naijua. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mimi niliufuta huo usaha kwa mikono yangu miwili, kisha basi likatupeleka tena Mpanda kama mizigo.

Wakaukata chini ya goti.

Mzee Aloyce, baba yake mdogo Ponsian, alikuja kutuona. Nilidhani anakuja kusema neno juu ya Doto. Thubutu! Akakaa, akakohoa, akasema, "Mama, usimnunie yule. Utani ni utani. Ukoo utasemaje?" Nikamwambia, "Baba, shikamoo nimekupa, maji nimekupa. Lakini huo ukoo uje ulime mpunga kwa mguu mmoja, halafu ndiyo useme." Akanyanyuka na fimbo yake. Wakasema Fausta hana adabu. Sawa, sina.

Halafu siku moja, wakati wa kuona wagonjwa, Doto mwenyewe akaingia wodini na mkungu wa ndizi. Kaona shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulitakiwa uwe. Kasimama. Niliona midomo inamcheza. Nikasema moyoni, leo ataomba radhi, na mimi nitasikiliza. Lakini hakujua kuongea na Ponsian kwa njia nyingine, akafungua mdomo ukatoka ule ule: "Binamu, basi ile gambuti ya kulia nipe mimi. Wewe haina kazi tena."

Yesu, Maria na Yosefu! Kisha Ponsian akacheka. Alicheka kweli, machozi yanamtoka, kashika kitanda kwa maumivu, na wagonjwa wengine nao wakacheka. Nikatamani niwazabe makofi wote, nikianza na mume wangu.

Gambuti zilikuwa chini ya kitanda, kwenye mfuko, kwa sababu alikataa zibaki nyumbani. Ponsian akajifuta macho, akaniambia, "Mpe."

Nikaitoa ya kulia. Nikaikunja pale kwenye ufa, ukafunguka wote, nikamsogezea usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliona kamstari, shemeji. Nikajua ataiminya mwenyewe."

"Vaa," nikamwambia.

"Shemeji..."

"Umeomba, umepewa. Mtani akipewa anavaa. Au utani umekuisha leo?"

Akamtazama Ponsian. Ponsian hakucheka tena, alikuwa amegeukia ukutani. Doto akavua kandambili yake ya kulia, akaivaa gambuti, akatoka. Mguu mmoja gambuti, mwingine kandambili, kwap, kwap, katikati ya vitanda, kisha kwenye korido, kisha uani kwenye watu. Kila aliyemwona alicheka. Nikamfuata nyuma, nisimpe nafasi ya kuivua.

Getini akageuka. Uso mzima umelowa.

"Shemeji, nivue?"

Nikamwambia, "Stendi ni mbali. Tembea."