Miguu Miwili Niliyoiruka

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Kayole ilikuwa chumba kimoja kwenye orofa ya tatu, na hukuweza kutoka mlangoni hadi kwenye jiko bila kukutana na miguu ya mtu. Tulikuwa wanne: mama, aliyeuza ndengu na maharagwe sokoni, Susu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, dada yangu Nduku, na mimi, Mwende, mdogo wa wote. Kitanda kilikuwa kimoja, cha mama na Susu. Mimi na Nduku tulikaa chini, tukala chini, tukalala chini.

Kwa hiyo sheria ya Susu kuhusu miguu ilikuwa kubwa kwetu. Mtu akinyoosha miguu, usiiruke. Mwombe aikunje, upite. Ukisahau ukaruka, geuka papo hapo uruke tena kurudi ulikotoka. Hiyo tuliita kumrudia mtu. Usipomrudia, Susu alisema, umemfunga miguu; kama ni mtoto hatarefuka, na kama ni mkubwa ataumia. Watoto wote wa ploti yetu, lile jengo la vyumba vya kupanga, waliijua sheria hiyo. Katikati ya mchezo ungesikia mmoja akidai, "Umeniruka, nirudie," na aliyeruka alirudi, hata kama alikuwa mkorofi wa kutupwa.

Nduku alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane, na alikuwa akikimbia. Sijui niseme vipi ili mtu asiyemjua aelewe. Wengine walikimbia mwalimu akipiga filimbi. Yeye alikimbia asubuhi kabla ya shule, kando ya lami, na jioni alikimbia tena ngazi za ploti, juu na chini, mpaka mama wa chumba cha pili akatoa kichwa na kumuuliza kama anafukuzwa na polisi. Viatu vyake vya raba vilikuwa vimelika kisigino hadi unaona soksi. Hakupumzika hata Jumapili. Akitoka kanisani alivua rinda na kukimbia. Kulikuwa na shule moja ya sekondari iliyowachukua wasichana wenye mbio bila karo, na mwalimu wa michezo alikuwa amemwambia kwamba akishinda kwenye mashindano ya kanda, watu wa shule hiyo watamwona. Hilo ndilo lililomtoa kitandani, au niseme sakafuni, kila siku.

Jioni ya kuamkia mashindano hayo, jua likiwa bado liko dirishani, nilitoka kucheza nikiwa na vumbi kichwani na kukuta maji ya moto yote yamekwisha. Nduku alikuwa ameyatia chumvi, akachovya vitambaa, akavifunga kwenye miundi yake yote miwili, ile mifupa ya mbele chini ya goti. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mpaka katikati ya chumba.

"Nitaoga na nini?" nikamuuliza.

"Oga na mate," akasema.

Nikamruka. Nilimruka kwa makusudi, miguu yote miwili kwa mpigo mmoja, nikaenda kusimama dirishani.

"Mwende, nirudie."

"Sikurudii."

"Susu, mwone huyu. Amekataa kunirudia, na kesho nakimbia."

Susu alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Aliinua macho. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Rudi, mwanangu," aliniambia. "Usimwache dada yako hivyo. Kesho ana safari."

Sikurudi. Nililala na vumbi langu, na bado nilijiona mwenye haki.

Kesho yake tulikuwa kwenye uwanja wa shule jirani, uwanja wa udongo mwekundu usio na jani. Nduku aliongoza mzunguko wa kwanza na wa pili. Wa tatu alipofika karibu na pale niliposimama, nilisikia sauti ndogo, kama ya kijiti kikavu mtu akikivunja kuwashia jiko. Alichukua hatua moja nyingine. Hatua ya pili haikuwepo. Alianguka akiwa ameshika mguu wa kulia, na ule mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Watu wote walimkimbilia. Mimi nilibaki niliposimama. Nilijua ni nani aliyemvunja.

Hospitalini walipiga picha ya mfupa, kisha tukapelekwa chumba cha plasta. Aliyekuwa huko alikuwa mtu wa makamo, mikono yake myeupe kwa chokaa hadi kwenye viwiko. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mama.

"Mfupa huu haukuanza leo," alisema. "Ona hapa. Kuna ufa wa zamani, na mwili ulikuwa unajaribu kuuziba. Msichana, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana," Nduku alisema.

Yule bwana hakubishana naye. Alitazama chini, akaona patipati zangu, ndala za mpira. Mkanda wa moja ulikuwa umekatika, na mama alikuwa ameushikiza kwa msumari.

"Hii ilikatika lini?" aliniuliza.

"Jana."

"Na ilianza kukatika lini?"

Niliinua mguu nikaitazama.

"Basi ndivyo na mfupa," alimwambia mama. "Kila akikimbia, unachakaa kidogo. Ukipumzishwa, unajitengeneza, unakuwa na nguvu kuliko mwanzo. Usipopumzishwa, kuchakaa kunashinda. Halafu siku moja anakanyaga kama kawaida, na ndiyo hiyo siku."

Leo nikiyakumbuka maneno yale naona yalikuwa msamaha wangu, umetamkwa wazi mbele yangu. Lakini mtoto wa miaka minane hasamehewi kirahisi hivyo. Nilifikiri, mkanda wa patipati haukurukwa na mtu. Dada yangu alirukwa.

Wiki za plasta zilikuwa ndefu. Susu alitaka iondolewe ili aukande mguu kwa mafuta, kama walivyofanya kwao Machakos. Mama alikataa, na kwa mara ya kwanza niliona mama akimkatalia Susu jambo bila kuinamisha macho. Nduku alilishwa omena, mayai, na maziwa siku ambazo soko lilikwenda vizuri. Mimi sikumkaribia miguu. Nikitaka kwenda mlangoni nilipita chini ya kitanda, kwa tumbo, na kutokea upande wa pili nikiwa na utando wa buibui kwenye nywele. Nduku alidhani ni mchezo. Alicheka.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu ambayo haikuniacha. Niliruka miguu miwili. Ulikuwa umevunjika mmoja.

Kanisani, wengine wakiomba amani ya nchi, mimi niliuombea mguu wa kushoto. Kila siku nilimtazama Nduku akishuka kwa mikongojo, na nilijua jambo ambalo mama hakulijua. Mama akienda sokoni na Susu akisinzia, Nduku aliiacha mikongojo chini ya ngazi na kupanda orofa zote kwa mguu mmoja, ule mzima, akirukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Alisema asipofanya hivyo pumzi itamtoka na ile shule itamsahau. "Ukisema, hatujuani tena," aliniambia. Nami, mtu mwenye hatia yangu, ningesema nini?

Siku ya kukata plasta mama alikuwa sokoni, kwa hiyo tulikwenda na Susu. Yule bwana wa chokaa alikata kwa msumeno wake mdogo unaopiga kelele kuliko unavyouma, akautoa mguu. Ulikuwa mwembamba, umekauka ngozi, lakini ulikuwa umenyooka. Susu alinyoosha mikono.

"Sasa nitaukanda," alisema.

"Shosho, usiukande," yule bwana alisema, kwa jina ambalo Wakikuyu humwita nyanya.

"Mimi si shosho. Mimi ni susu."

"Haya, Susu. Usiukande. Mfupa umeshikana juzijuzi, bado ni mchanga. Atembee kidogo kidogo, na kukimbia tutazungumza baadaye."

Susu aliirudisha mikono yake mapajani. Nduku alikuwa akitabasamu, na niliona anapima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi mlangoni. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia.

"Na huu mwingine," nikauliza, "utavunjika lini?"

Yule bwana alicheka. "Kwa nini uvunjike?"

"Kwa sababu niliruka yote miwili."

Susu aligeuka akanitazama. Nduku hakucheka. Nadhani ni uso wa Nduku uliomnyamazisha yule bwana, kwa sababu kicheko chake kilikatika. Alivuta kiti, akaketi, akauweka mguu wa kushoto wa dada yangu juu ya goti lake. Akaanza kuubonyeza muundi kwa kidole gumba, polepole, kutoka chini ya goti akishuka. Alipofika karibu na katikati, Nduku alishika ukingo wa meza.

"Hapa?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mashindano. Yote miwili. Huu wa kulia ulizidi tu."

"Na sasa unazidi huu. Umekuwa ukiufanyisha nini?"

Nduku alinitazama mimi, na yule bwana akayafuata macho yake hadi kwangu. Nikasema habari za ngazi zote, huku nalia.

Picha ilipopigwa, ufa ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba kama unywele uliodondoka kwenye karatasi. Yule bwana alisema kama tungekaa wiki chache zaidi bila kuja, ungekwenda kama ule wa kwanza. Kisha alisema na Nduku kama mtu mzima. Alimwambia maumivu ya kuchoka huhama huku na huku na kwisha ukilala, lakini maumivu yanayorudi mahali palepale, padogo pa kufunikwa na kidole, hayo si ya kufungiwa maji ya chumvi, ni ya kuletwa hospitali. Akikimbia tena, aongeze mwendo kidogo kidogo, apitie udongoni kuliko lami, awe na siku za kupumzika ambazo hazina mjadala, na ale, maana mwenye mbio asiyekula chakula anaila mifupa yake mwenyewe. "Na viatu hivyo," alisema, akionyesha zile raba, "mpe adui yako."

Nyumbani Nduku hakusema nami siku tatu. Siku ya nne, nikiwa natokea chini ya kitanda, alinikuta uso kwa uso.

"Ulinichoma, Mwende. Nilikuambia usiseme."

"Najua."

"Hii kutambaa kwako ni ya nini?"

Nikamwambia yote. Kwamba mimi ndiye niliyemvunja, kwa sababu ya maji ya kuoga. Alinitazama kwa muda mrefu sana kwa mtu aliyekuwa bado na hasira.

"Mguu uliniuma mwezi mzima," alisema. "Nilikuwa nawadanganya nyote. Wewe ulikuja tu mwisho, na vumbi lako." Kisha akanyoosha miguu, mmoja mwembamba na mmoja mnene, mpaka katikati ya chumba. "Haya. Nirudie, tumalize."

Niliruka juu sana, nusura nigonge jiko. Susu, ambaye tulidhani amelala, alisema kutoka kitandani, "Sasa sawa," akageukia ukutani.

Ile shule ya sekondari haikumchukua mwaka ule. Alikwenda nyingine, ya kutwa, na mwaka uliofuata alikimbia tena. Hakuwa bingwa wa nchi, lakini alikimbia mpaka akawa mama, na miguu yake haikuvunjika tena, wa kulia wala wa kushoto.

Nduku alituacha mwaka juzi. Haikuwa mifupa, ilikuwa figo. Nilipomwosha na kina mama wa kanisa, nilipitisha mkono kwenye muundi wa kulia, na pale katikati kifundo kidogo cha mfupa ulioungana kilikuwepo, kigumu, mahali pake. Nililia zaidi pale kuliko mahali pengine popote. Maswali yangu nimeyapeleka kwa Mungu, na mengine bado yako kwake.

Mimi ni mtu wa sala, na siamini kwamba mguu wa binadamu unavunjika kwa kurukwa. Susu naye alikosea kuhusu plasta. Lakini naijua hesabu ya jioni ile. Kama ningegeuka nimrudie, ningelazimika kuitazama ile miguu mahali pa kutua, na huenda mtoto mwenye maneno mengi kama mimi angeuliza kwa nini vitambaa ni viwili, na kwa nini mtu anayekwenda kushinda kesho anauma midomo leo. Sheria ya Susu ilinitaka nirudi tu. Mengine yangefuata.

Binti wa Nduku, Syombua, anakaa nami. Ana miaka kumi na mitatu na anakimbia, sikuweza kumzuia wala sikutaka. Juzi alikuwa ameketi sakafuni na simu yake, miguu imenyooka. Nilikuwa nimebeba karai la nguo, nikapita juu yake bila kufikiri.

"Anti," alisema bila kuinua macho, "nirudie."

Nikasimama. "Nani alikufundisha hayo?"

"Mama. Alisema wewe huwa unasahau."

Nikaweka karai chini, nikarudi. Kisha nikapiga magoti, nikaanza kumbonyeza kwa kidole gumba chini ya goti la kulia, nikishuka polepole, huku yeye akicheka kwa kutekenywa na kuuliza ninatafuta nini. Sikupata kitu. Nikahamia mguu wa pili.