Kengele Bubu ya Narok

Resiato binti Ngoitiko anatengeneza simu pale Mabwerebwere, Kilosa mjini, na kazi aipendayo kuliko zote ni kutikisa ng'ombe ndani ya kompyuta. Usicheke! Alikulia machungani, akasomea umeme chuoni Morogoro, na tangu ng'ombe wao wawili wapotelee upande wa hifadhi ya Mikumi hana hamu nyingine. Anataka shingo ya ng'ombe ijizalishie umeme, bila betri, imtumie mchungaji ishara ya mnyama aliko.

Umeme wenyewe unatoka kwenye kibati chembamba ambacho kikitetemeka hutoa chaji. Alimfunga simu shingoni Narok, ng'ombe kiongozi wa baba yake, akarekodi anavyotikisika, kisha akaiingiza mitikisiko ile kwenye kompyuta aone kibati kitatoa nini. Kilitoa aibu tupu. Ng'ombe anatembea taratibu kama bibi harusi, kibati kinataka mtetemo wa haraka. Akirefusha kibati, hakuna kitu. Akiongeza uzito nchani, afadhali kidogo, lakini hata ishara moja haitoki. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja yuko bomani akasikia kengele ya Narok. Hatua za polepole, mlio wa haraka. Jamani! Jibu lilikuwa linamlilia masikioni tangu utotoni. Ulimi wa kengele ukikigonga kibati, kitatetemeka chenyewe. Akajaribu kwenye kompyuta, mstari wa umeme ukapanda, naye akapiga kigelegele peke yake.

Kibarua kikabaki kwa baba. Maana ulimi ukigonga kibati haugongi tena chuma, na kengele inakuwa bubu. Kengele yenyewe mzee Ngoitiko aliachiwa na marehemu baba yake. Alikubali kwa shingo upande. Asubuhi ya jaribio, kibati kikishafungwa ndani ya kengele, Resiato alimwinamishia baba kichwa, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mzazi ili aguswe utosini. Mzee akapita zake bila kumgusa. Ilimuuma sana.

Mchana mvua kubwa ikatawanya kundi. Kaka yake Sapit akarudi na ng'ombe wote isipokuwa Narok, mwenye mimba pevu.

"Umemfanya bubu ng'ombe wangu," mzee alisema. "Haya, tumsikilizie wapi?"

Simu ya Resiato, ambayo ingelia kila ishara ikiingia, ilikuwa kimya. Akafungua kompyuta, akazitazama ishara za mwisho, zote zimenaswa na kimoja cha vipokezi alivyovifunga machungani, kile cha upande wa korongoni. Narok angekuwa anakimbizwa na simba, ishara zingefuatana mbiombio, kisha zikatike. Hizi zilikuja mbili tatu, zikanyamaza, zikaja tena, zikanyamaza. Akamlaza ng'ombe wa kwenye kompyuta, akamwinua, akamlaza, akamwinua. Ishara zikalingana na za Narok.

"Baba, anazaa! Yuko korongoni!"

"Hiyo kompyuta ndiyo imekwambia?"

"Imeniambia analala na kuinuka. Kuzaa naona mwenyewe, kwani mimi nimelelewa na nani?"

Mzee alichukua fimbo yake akatangulia. Wakatembea kwenye matope, Resiato akimwomba Mungu asiwe amekosea. Mara simu ikalia. Ikalia tena, na tena.

"Inasemaje?" mzee akauliza, kasimama.

"Shingo inacheza, baba, lakini ishara haisogei. Hatembei." Resiato akaanza kulia kwa furaha. "Anamlamba ndama."

Wakamkuta nyuma ya kichaka cha miiba, kengele yake bubu ikining'inia juu ya ndama aliyelowa, ulimi wa Narok ukimpitia mgongoni. Wazima wote wawili! Resiato alichuchumaa palepale.

Mzee Ngoitiko aliwatazama wanyama wake kwa muda, kisha akamjia binti yake. Resiato akainamisha kichwa. Baba akauweka mkono wake utosini pake, na hakuuondoa mpaka simu ilipolia tena.