Jina la Baba Linarudi Sokoni

"Kesho saa sita mchana," aliniambia yule dada wa mtandao. "Ikipita hapo, jina linarudi sokoni. Atakayewahi, lake."

Nilidhani ananitania. Ofisi yake ni kachumba juu ya duka la dawa, hapa hapa Mwananyamala, na ndiye aliyetutengenezea tovuti baba alipoanza kuwauzia udi wateja wa mbali. Jina la tovuti alilichagua baba mwenyewe, jina la ukoo wetu, na limebandikwa kwenye kila kikopo tulichowahi kuuza. Wanawake wa Muscat na wa Unguja hawajui duka letu liko mtaa gani. Wanachojua ni hiyo anuani. Na Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu, msimu unaotulisha mwaka mzima mie na mama.

"Jina la baba yangu mzazi auziwe mtu mwingine?" nikafoka. "Si tulishalinunua!"

"Hamkulinunua, dada. Mmepanga. Kila mwaka kodi."

Nilikuwa najua, na ndiyo maana nilifoka. Kila mwaka baba alikuwa ananikuta jikoni ananiuliza, "Umelipia lile jina?" Namjibu bado, kesho. Jioni nalipa, maana namjua, kesho yake angeuliza tena. Bei yenyewe haikuwa inafika kuku wawili wa kienyeji. Mwaka huu hakuna aliyeniuliza. Ujumbe wa kukumbusha ulikuja, tena mara tatu, kwa kuwa namba yangu iliandikwa ya pili baada ya ya baba: lipia jina lako, tuma kwenye namba hii. Sasa mtu wa Dar ukimwambia "tuma kwenye namba hii" anajua huyo tapeli. Wa kwanza niliufuta. Wa pili nilimsomea mama tukacheka. Wa tatu niliujibu kwa tusi ambalo hapa siliandiki.

"Basi nalipa sasa hivi," nikasema, natoa simu.

"Kuna faini. Sasa hivi si kuku wawili tena, ni mbuzi."

"Hata ng'ombe! Nipe namba nilipe."

"Hela si ishu, dada. Likishapitwa na muda, mwenye jina lazima athibitishe. Zinatumwa tarakimu sita kwenye simu yake, anisomee."

"Mwenye jina amefariki, si ulikuja mazikoni?"

"Nilikuja. Lakini simu yake si mnayo?"



Simu hatukuwa nayo. Kwetu, vitu vya marehemu hupewa aliyemuosha. Siku ya tatu, baada ya hitma, ami yangu, mdogo wake baba, alikusanya kanzu mbili, kofia, viatu na saa, vyote vya kumpa yule mzee wa Kawe aliyemuosha baba. Simu ilikuwa mezani inalia, watu walikuwa bado wanapiga na kutuma ujumbe wa pole, na mie sikuweza kuusikia tena ule mlio wake. Nikaizima, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa kanzu pamoja na chaja. Laini sikuitoa. Mjinga gani anatoa simu na laini ndani? Mie. Na ilikuwa imepita miezi saba.

Nikaipiga namba ya baba palepale ofisini. Haipatikani. Nikampigia ami huko Goba. Akaniambia laini ya marehemu hairudishwi mpaka kuwe na karatasi za mirathi kutoka mahakamani, wiki mbili zikienda vizuri, maana ilisajiliwa kwa vidole vya mwenyewe. Vidole vyenyewe tulishavizika. Nikamkatia simu, Mungu anisamehe, nikapanda bodaboda.

Kawe nilifika baada ya alasiri. Mke wa yule mzee alinipokea vizuri, akanipa kigoda na maji.

"Ameitwa kuosha," akasema. "Kungoja ndiko huko, mwanangu. Maiti haharakishwi."

Mkononi alikuwa na simu ya baba. Niliijua kwa ule ufa wa pembeni, wa siku ile ilipomwanguka baba dukani akamlaumu paka. Nikamuuliza laini iliyokuwamo iko wapi.

"Humu mna yangu. Hiyo nyingine sijui, mambo ya laini anayo mwenyewe."

Jamani! Nilikaa pale nikijitukana kimoyomoyo. Laini isiyotumika kampuni huifunga, namba akapewa mtu mwingine, hilo hata mtoto anajua. Miezi saba! Niliwafikiria wale wateja wakifungua ile anuani wamkute mtu mwingine anawauzia makorokoro kwa jina la baba, na wao wakiamini ni yeye. Yule mama akaniuliza kama naumwa. Nikasema naumwa.

Mzee alirudi jua limeshakuwa jekundu, mikono yake inanukia kafuri. Nikampa shikamoo, nikaanza kueleza, maneno yakipandana. Akaniinulia kiganja.

"Laini."

"Ndiyo, mzee."

"Mie nilipewa simu, laini sikupewa. Simu ni sadaka, hiyo laini amana." Akaingia ndani, akatoka na kimfuko cha dawa cha nailoni, laini imo ndani. "Nilikuja dukani kwenu mara mbili. Mara ya kwanza mmefunga. Ya pili nikakukuta unagombana na mteja, nikasema huyu leo nimwache."

Sikuwa na uso wa kucheka.

"Itakuwa imeshafungwa, mzee."

"Kwa nini ifungwe? Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi naiweka, natia vocha ya mia tano, nampigia huyu bibi hapo jikoni, tunasalimiana, naitoa. Niliambiwa ikikaa kimya itakufa."

Mkewe akaguna. "Mie nikajua ananipenda, kumbe anatunza laini ya watu."

Tukaiweka kwenye simu ya baba. Kwa simu yangu nikamtumia yule dada hela ya faini, nikampigia, nikamwambia tuma zile tarakimu. Mtandao ukaonyesha kijiti kimoja, ukapotea, ukarudi. Nilisimama katikati ya uwanja nimeiinua simu juu. Ikalia mlio ule ule niliouzima siku ya tatu, na safari hii sikuuzima. Nikasoma tarakimu sita. Yule dada akasema: "Imekubali, dada. Limerudi kwenu."

Nikaketi chini kwenye mchanga, nikalia kama siku ya kwanza.

Mzee alingoja nimalize, akauliza kilichotokea. Nikamweleza kwa urahisi: jina la baba liko mtandaoni, linalipiwa, mie nilisahau.

"Linalipiwa kila mwezi?"

"Kila mwaka, mzee."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Afadhali angenigombeza. Akaitoa laini kwa ukucha, akaifuta kwenye kanzu, ile kanzu ya baba, akairudisha kwenye kimfuko.

"Kumuosha baba yako hakukufika saa nzima," akasema. "Hii ndiyo imenichukua miezi saba. Shika. Sasa nimemaliza."

Nikaipokea kwa mikono miwili.