Mbao Iliyoelea

Hamtaniamini, lakini dada yangu seremala, mkali kuliko nyigu, alimnyamazisha dalali kwa ndoo ya maji. Alikuwa ameagiza mbao ngumu za ng'ambo, za banda la nje ambamo wagonjwa wa zahanati wangesubiri. Zilipofika, alikata kipande akakitia majini. Kikaelea kama kizibo.

“Niliyoagiza huzama! Hii umeipaka rangi tu. Ikioza, paa limwangukie mama yako?”

“Dada, tuelewane...”

“Tuelewane nini? Pakia zote, rudisha!”

Yule mwizi akapakia mwenyewe, jasho likimtoka. Hasira zilivyompanda dada, akanyanyua boriti nzima kwa mkono mmoja, akamkimbiza nayo hadi bandarini—

“Kaka!” Kumbe dada anasoma ninayoandika, nyuma ya bega langu. “Boriti gani? Nilishika ndoo, na hata getini sikufika!”