Shimo Lenye Plasta Kumi na Moja

Mkaguzi alikuwa amestaafu. Ukaguzi wenyewe ulikataa. Kwa miaka thelathini aliingia madarasani bila hodi, akapitisha kidole juu ya makabati kutafuta vumbi, akawatetemesha walimu wenye mvi. Sasa alibaki na ng'ombe wawili wa maziwa, Mwenyekiti na Katibu, ambao hawakutetemeka hata kidogo. Aliwapenda sana, ila kwa mtindo wa ofisini: kwa kuwalalamikia kutwa.

Kiangazi kilichopita majani yaliadimika, na Mwenyekiti akawa anatoa maziwa ya kuipaka chai rangi tu. Mwaka huu mke wa Mkaguzi hakuzunguka mbuyu.

"Baba Watoto, tunatengeneza sileji, malisho ya kufukia shimoni. Ikiharibika, ng'ombe wanahamia kwa dada yangu. Yeye ana malisho. Sisi tuna maneno."

Basi mahindi yakakatwa yangali mabichi, punje ndiyo kwanza zinaanza kukaza. Fundi wa mashine aliyakatakata, mabua na magunzi pamoja, yakamwagwa shimoni juu ya plastiki nyeusi, tabaka juu ya tabaka, yakinyunyiziwa molasi na kushindiliwa kwa miguu. Hapo Mkaguzi alifufuka. Alishuka na fimbo yake, akaichoma kwenye kila tabaka, akatikisa kichwa.

"Panabonyea. Rudieni."

"Mzee, tumekanyaga mara mbili!" fundi alilia.

"Ya tatu haijawahi kumuua mtu."

Kufikia alasiri fundi aliuliza, kwa heshima zote, kama wanatengeneza chakula cha ng'ombe au barabara ya lami.

Wakafunika kwa plastiki, wakafukia kingo kwa udongo, wakatandika magunia juu.

"Wiki sita," alisema mkewe. "Hewa ikiingia, inaoza. Usifungue."

"Nifungue nini? Mimi mtoto?"

Alivumilia siku nne. Siku ya tano wazo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: kitu kinachofanyika gizani, bila msimamizi, kwa wiki sita! Hata mitihani ya darasa la kwanza ilisimamiwa. Akainua gunia, akatoboa tundu la upana wa kidole, akanusa, akaandika daftarini: *Harufu: ya kuridhisha.* Akaziba kwa plasta ya vidonda.

Baadaye aliona kwamba ripoti ya tundu moja haina uzito. Wiki sita zilipotimia, sanduku la dawa halikuwa na plasta hata moja, na mjukuu aliyejikata kidole alifungwa kitambaa.

Siku ya kufungua, shemeji yake alifika mapema, kamba mpya mkononi.

"Nimepita tu kuwasalimu," alisema, akiwatazama ng'ombe.

Mkewe aliondoa magunia. Plasta kumi na moja ziliwakodolea macho.

"Hili shimo lilipigana na nani?" aliuliza shemeji.

Mkewe hakumtazama mumewe, na hilo ndilo lililomtisha. Alikunja plastiki. Chini ya kila plasta palikuwa na ukungu mweusi, ukinuka kama soksi zilizolowa mvua. Shemeji alianza kukunjua kamba. Mkaguzi alimtazama Mwenyekiti, akagundua kwamba hajawahi kumwambia neno zuri hata moja.

"Ngoja kwanza, dada," alisema mkewe.

Mkewe alipiga jembe. Likadunda. Akapiga tena, akachokonoa, akatupa kando ule uozo. Haukuzidi kina cha kiganja. Chini yake sileji ilikuwa imekaza kama tofali, rangi ya zeituni, harufu tamu yenye uchachu kidogo. Hewa ilikuwa imegonga mlango ikakosa pa kupita.

"Tulikanyaga mara tatu," alisema Mkaguzi, kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, Baba Watoto."

Mkewe alijaza sileji kwenye karai, akawapelekea ng'ombe. Mwenyekiti alinusa karai, akazamisha mdomo, na hakuuinua hadi chuma kilipoonekana. Katibu aliunga mkono hoja.

Shemeji alikunywa chai, nyeupe, akaondoka bila ng'ombe na bila kamba. Kamba mkewe aliiomba. Aliizungusha kwenye vigingi vinne kulizunguka shimo, akamweleza mumewe mpaka wake uko wapi.

Jioni Mkaguzi alisimama nje ya kamba, fimbo mgongoni, akafungua daftari. *Sileji: nzuri sana. Mkaguzi: hakuridhisha. Arudie.*

Kisha akainama kidogo juu ya kamba, akanusa.