Siku Kinyozi Alipoombwa Atoke Nje

Kinyozi mwenye kipara hana pa kujificha. Wateja walimwita Kipara mchana kutwa, wakamuuliza kama nywele zake aliziuza au alizikopesha, naye akacheka nao huku mashine ikinguruma mkononi. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni na benchi la wanaosubiri. Tangu akiwa na meno ya utoto, binti yake wa kwanza alikuwa akikaa kwenye benchi hilo.

Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alimwambia kila aliyenyolewa kama amependeza au ameharibika. "Mjomba, hapo nyuma baba amekuchimbia shimo," angesema, na mteja angegeuza shingo kujitazama kwenye kioo huku kibanda kizima kikiangua kicheko.

Moyo wake ulikuwa mbovu tangu tumboni. Alipasuliwa akiwa mchanga, akapasuliwa tena kabla ya kuanza shule, na kovu likamshuka kifuani kama zipu. Kadiri alivyokua, mengine yakafuata: figo zikalegea, mapafu yakawa yanajaa maji, miguu ikavimba jioni. Alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa na daktari wa moyo, daktari wa figo, daktari wa mapafu, na mtaalamu wa lishe aliyempiga marufuku chumvi. Kila mmoja alishughulika na kipande chake. Wa figo alipunguza dawa aliyoiongeza wa moyo, na wa moyo aliirudisha.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule na ruhusa aliipata kwa kuomba sana, kwa hiyo mwenda kliniki alikuwa baba. Kila Jumatatu Kipara alifunga kibanda, akavaa shati lake la mikono mirefu, akamsukuma binti yake kwenye kiti cha magurudumu kupita korido za hospitali ya rufaa. Wauguzi walimzoea hata wakamtania kwamba angepewa sare.

Ndani ya vyumba vya madaktari ni yeye aliyesema.

"Tunaendeleaje?" daktari angeuliza.

"Vizuri kabisa, daktari. Tunakula vizuri, tunalala vizuri."

Chiriku angemwangalia tu. Hakuwa analala vizuri. Alilala ameketi, ameegemea mito, akihema kama aliyetoka kukimbia. Siku hizo sentensi zake zilikuwa fupi, kwa maana pumzi haikutosha kuzimaliza ndefu. Baba yake alilijua hilo, ila aliona kwamba akilitamka mbele ya daktari litakuwa kweli zaidi.

Ndipo walipoitwa kwa kikao cha pamoja. Daktari wa moyo, mama mmoja mpole aliyemfahamu Chiriku tangu alipokuwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, aliketi na yule wa figo, picha za moyo zikiwaka kwenye kompyuta. Alieleza taratibu. Valvu ya moyo, ule mlango wa kupitisha damu, imechoka. Kuna upasuaji unaoweza kufanyika, lakini ni mzito, na figo zile huenda zisiustahimili. Anaweza kuamka akiwa na nafuu. Anaweza kuamka akiwa wa kuishi kwa mashine. Anaweza asiamke.

"Fanyeni," Kipara alisema hata kabla daktari hajamaliza. "Lini?"

Chiriku akamgusa kiwiko.

"Baba. Naomba utoke nje kidogo."

Alidhani hakusikia vizuri. "Nitoke?"

"Kidogo tu. Nataka kuongea na daktari."

Kipara aliwatazama madaktari akitegemea wamwambie binti aache utani. Yule mama akaelekeza macho mlangoni. Akasimama, akagonga goti kwenye meza, akatoka.

Koridoni hakujua pa kuiweka mikono yake. Aliketi, akainuka, akaketi. Mama wa usafi alifika na deki akamwomba anyanyue miguu, naye akainyanyua na kusahau kuishusha, hadi yule mama akamwambia, "Baba, nimeshapita." Nyuma ya mlango alisikia sauti ya binti yake, polepole, ikikatika na kuendelea. Aliisikia ikisema maneno mengi kuliko aliyoyasema nyumbani mwezi mzima.

Alipoitwa ndani, yule mama daktari alikuwa amevua miwani.

"Baba, binti yako ameniuliza maswali magumu, nami nimemjibu. Hataki upasuaji."

"Yeye ni mtoto."

"Ni mtoto, ndiyo. Lakini anaelewa ninachomwambia, na nisingependa kumpeleka huko akiwa amekataa."

"Mimi ni baba yake! Mimi ndiye ninayesema!" Kipara alipiga meza kwa kiganja. Katika miaka yote ya kliniki hakuwahi kupandisha sauti mle ndani. "Mnamsikiliza mtoto afe?"

Chiriku alinyoosha mkono akaushika ule uliopiga meza.

"Baba, nilimuuliza nikipona nitakuwaje. Akasema... nitarudi hapahapa. Baada ya muda, tena. Na tena." Akavuta pumzi. "Nimechoka kupasuliwa. Si wewe ninayekukataa."

"Mama," Kipara alimwita binti yake hivyo kama alivyozoea tangu akiwa mdogo, "jaribu mara moja tu. Kwa ajili yangu."

"Zile mbili zilikuwa kwa ajili yako."

Kipara aliinamisha kichwa juu ya meza ya daktari akalia kwa sauti, shati lake safi limekunjamana mgongoni, na daktari wa figo akageukia dirisha.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama, aproni ya kazini bado kiunoni.

"Ulitoka," alisema. "Wewe ulitoka chumbani ukamwacha peke yake aamue kufa."

"Aliniomba."

"Akiomba sumu utampa?"

Hawakusemezana siku kadhaa. Mama alijaribu kwa njia zake. Alimbembeleza binti, akamkaripia, akakaa naye kitandani akimchana nywele. Mwisho alitoka humo macho yamevimba, akamwambia mumewe, "Amenishinda."

Madaktari walimbakishia dawa za kupunguza maji na za kumtuliza pumzi, pamoja na muuguzi aliyemtembelea nyumbani. Kliniki za kila wiki zikaisha. Chiriku akaomba jambo moja: aende shule siku ya Jumatatu. Tangu aanze masomo, Jumatatu ilikuwa ya hospitali, na wenzake daima walizungumzia mambo yaliyotokea siku hiyo kana kwamba yalitokea nchi nyingine. Kipara alimsukuma mpaka darasani, akamsubiri chini ya dirisha.

"Ikoje?" alimuuliza alipotoka.

"Kumbe ni majaribio ya hesabu asubuhi nzima!" Alicheka mpaka akakohoa. "Sijakosa kitu."

Alienda Jumatatu chache. Kisha hakuweza tena kuketi kwenye kiti, akabaki kitandani sebuleni, walikomhamishia ili aone watu wakiingia na kutoka. Wateja wa kibandani walikuja kumsalimia, nao aliwakagua vichwa kwa macho tu na kutikisa kidole kwa aliyenyolewa vibaya.

Alifariki asubuhi moja mvua ikinyesha, mama akimlowesha midomo kwa pamba, baba akiwa amemshika miguu iliyovimba. Hakusema neno la mwisho. Alihema, akakaa kimya, akahema tena, kisha wakangoja pumzi nyingine na haikuja.

Kipara alifungua kibanda baada ya muda mrefu. Watu waliketi kimya kwenye benchi hata akawaambia, "Semeni jamani, mnanitia uchizi." Wakajaribu. Mkewe hakumlaumu tena kwa mdomo, lakini kuna siku Kipara alimkuta amesimama jikoni anamtazama, naye alijua anafikiria nini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifikiria hilohilo.

Siku moja alivaa akaenda hospitali peke yake. Alingoja mpaka wagonjwa wote wakaisha, akaingia kwa yule daktari wa moyo, akakataa kiti.

"Angekubali," aliuliza, "angepona?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Sijui, baba. Kweli sijui."

Kipara alitikisa kichwa, akashukuru, akatoka. Alikuwa amekuja akitaka aambiwe ndiyo au hapana, lolote kati ya hayo. Koridoni muuguzi mmoja alimtambua akaanza kumwita kwa furaha, kisha akaona mikono yake haina kiti cha kusukuma, akanyamaza.